Ekseli Niliyoichagua Kuze

Niliondoka nyumbani asubuhi moja baada ya kunywa chai, na kikombe sikukiosha. Sikuwa nimegombana na mtu, wala hakuna aliyeniita mahali. Nilikuwa na miaka kumi na tisa hivi, uhuru ulikuwa na miaka miwili au mitatu, na baiskeli ya marehemu baba ilikuwa imeegemezwa ukutani. Nilifunga shuka na shati la pili kwenye kerieri, nikatia mikate miwili ya mofa kifuani, nikatoka. Kama ungeniuliza nakwenda wapi, ningekuonyesha kwa kidevu tu: kule.

Shule nilikuwa nimeiacha darasa la sita. Mwalimu alimwambia mama kwamba kichwa ninacho, ninachokosa ni makalio ya kukalia. Hakukosea. Nilipenda kujua kila kitu, lakini nilipenda kukijua nikiwa nimesimama, na ikiwezekana nikiwa njiani.

Tulikaa kusini, upande wa Msambweni, na mjomba wangu alikuwa akiunda mashua. Njia ilipita kwenye uwanja wake. Nilimkuta ameupanda ubao kama punda, tezo mkononi, akichonga.

“Waenda wapi na shuka?”

“Kutembea, mjomba.”

“Kutembea hadi lini?”

Hilo sikuwa nimelifikiria. Nikasema nitatembea mpaka baiskeli itakapokataa. Niliona nimejibu vizuri. Mjomba aliilaza tezo mapajani.

“Basi tupatane,” akasema. “Siku ikikataa, usiitupe ukapanda basi la kwenda mbele. Rudi nayo hapa, ushike tezo, na habari za kutembea zife siku hiyo. Wakubali?”

“Nakubali.”

“Sema mbele ya hawa.”

Akawaita mafundi wake wawili, nami nikarudia maneno yale mbele yao kama mtu anayeoa. Mmoja wao, mikono myeusi kwa mafuta ya mashua, aliichungulia baiskeli chini ya pedali, akacheka. “Kesho adhuhuri yuko hapa,” akasema.

Alijua alichokiangalia. Pale chini, mirija ya fremu ya baiskeli inapokutana, kuna chuma kimelala ndani, kifupi kuliko shubiri na kinene kama kidole gumba. Ndiyo ekseli ya pedali. Kila upande wake kuna kikombe cha chuma kilichokazwa kwenye fremu, na baina ya kikombe na ekseli zinazunguka gololi. Mzigo wote wa mpanda baiskeli, kila anapokanyaga, hushukia hapo. Tairi likipasuka utaziba, mnyororo ukikatika utaunga kwa msumari. Ekseli hiyo ikifa, ulichobaki nacho ni mkokoteni usio na kitanda.

Na yangu ilikuwa inaugua. Miezi miwili nyuma ilianza kulia, na kwa kuwa kijijini kwetu hapakuwa na fundi wa baiskeli wala mtu mwenye grisi, niliitibu mwenyewe. Nilifungua kikombe cha kushoto nikamimina ndani sifa, yaani mafuta ya ini la papa tuliyoyapaka mashua. Kwa mjomba, sifa ilikuwa dawa ya kila kitu. Ilipakwa mbao, ilipakwa kamba, ilipakwa bawaba za mlango. Niliona kwamba kitu kinachoulinda ubao baharini miaka kumi hakiwezi kushindwa na kipande cha chuma. Wiki mbili baiskeli ilinyamaza kabisa, nikajiona mganga.

Sasa, kufika Diani, ilianza kugonga. Tok. Tok. Kila mguu wa kulia uliposhuka. Mtu mmoja aliyekuwa akitengeneza lori kando ya njia aliniazima spana kubwa, nami nikakikaza kikombe cha upande wa kulia kwa nguvu zangu zote, nikiizungusha spana kama nati yoyote duniani inavyokazwa. Haikusaidia. Nililala Tiwi, kibandani kwa mtu wa nazi, na asubuhi nikasogea taratibu, kwenye vilima nikishuka tandikoni na kuisukuma, mpaka kivuko cha Likoni.

Kisiwani Mombasa sikuwa nimewahi kufika. Mambo niliyoyatazamia ni mengi: majumba, meli, magari. Sikutazamia paka. Wa kwanza alinifuata kutoka karibu na soko la Marikiti. Nilipokuwa najipenyeza baina ya mahamali na magunia ya vitunguu, wakawa watatu. Nikadhani wamevutwa na soko. Nikageuka njia nyingine, nao wakageuka. Hamali mmoja aliyekuwa amepumzika juu ya mkokoteni wake akanipigia kelele, “Ewe kijana! Nyama yenyewe umeificha wapi?” Wenziwe wakaangua kicheko, na mmoja akasema mahari ya siku hizi hulipwa kwa paka.

Nilisukuma mpaka Biashara Street, chini ya leso zilizotundikwa milangoni, nikamwuliza muuza leso mmoja aniambie fundi wa baiskeli yuko wapi. Aliwatazama paka, akanitazama mimi, akajizuia kuuliza.

“Shuka mtaa wa Kuze,” akasema. “Pahala ukisikia watoto wasoma chuoni na nyundo yagonga kando yao, ni hapo.”

Niliwasikia watoto kabla sijaiona njia yenyewe. Kando ya chuo cha Qurani palikuwa na chumba kimoja kilichofungukia barabarani, kikubwa kama kitanda, na ndani yake mzee mmoja mwenye kikoi, fulana na kofia ya vito iliyodariziwa, akinyoosha gurudumu. Alifundisha Qurani kila alasiri, asubuhi akiwaacha watoto wakubwa wawasomeshe wadogo, na saa zilizobaki alitengeneza baiskeli, na watu wote walimwita Maalim. Mkabala naye, kwenye baraza ya nyumba, alikaa muuza kahawa na dele lake la shaba, mtu mnene mwenye sauti ya kuadhini.

“Assalaam aleikum, Maalim.”

“Waaleikum salaam. Karibu, mwanangu.” Akainua pua. “Baiskeli yako yavulia bahari gani?”

Muuza kahawa alicheka hadi vikombe vikalia mkononi mwake. Mimi nilikuwa nimeizoea harufu ile tangu utotoni, sikuwa naisikia tena.

Maalim aliipindua baiskeli, akang'oa pini za krenki, ile mikono inayoshika pedali, akafungua kikombe cha kushoto. Kilichotoka hakikuwa mafuta tena. Kilikuwa kitu cha rangi ya chai nzito, chenye kunata kama ulimbo wa kunasia ndege. Alikivuta kwa kidole, kikarefuka.

“Ni nani aliyetia sifa humu?”

“Mimi, Maalim. Kwetu hupaka mashua.”

“Mashua waipaka ili iweje?”

“Isiingie maji.”

“Haingii maji kwa sababu sifa yaganda. Uzuri wake ni huo. Na hapa,” akagusa ndani ya fremu, “wataka kitu kisichoganda milele.”

Hakusema kwa kejeli. Alisema kama anavyomsahihisha mtoto aya, kisha akaendelea. Miaka mingi nimefanya makosa makubwa kuliko lile, lakini ni machache niliyoelezwa kwa maneno machache hivyo. Nilijifunza pale kwamba kitu hakiitwi kizuri bila kuulizwa: kizuri kwa kazi gani?

Akaitoa ekseli. Gololi zilitakiwa kuwa kumi na moja kila upande. Upande wa kulia zilibaki nane, nyingine zilikuwa unga. Njia zilimokuwa zikipita zilikuwa zimechimbika kama muwa uliotafunwa.

“Yaweza kutengenezwa?” nikauliza.

“Ekseli haitengenezwi, mwanangu. Hubadilishwa.”

Nikawaeleza agano langu na mjomba. Sikuwa na haja ya kuwaeleza, ila nilikuwa na hofu, na hofu hunifanya niseme. Nikawaambia pia kwamba mfukoni nina uwezo wa ekseli moja tu. Nikikosea kuchagua, hiyo ikifa mahali popote baina ya hapa na mwisho wa dunia, nairudisha baiskeli Msambweni kwa miguu, na maisha yangu yote ni tezo.

“Basi mjomba ako ashashinda,” alisema muuza kahawa. “Kunywa kahawa, urudi. Tezo si kazi mbaya. Hata manabii walichonga.”

“Mwache,” Maalim akasema.

Nikamwomba Maalim anichagulie iliyo imara. Akatikisa kichwa.

“Mimi hufunga tu. Kuchagua ni kwa mwenye miguu. Nikikuchagulia, siku ikigonga utasema, mzee wa Kuze aliniharibia. Ukichagua mwenyewe utaisikiliza.”

Hiyo ndiyo iliyokuwa desturi yake kwa kila mtu, nikaja kujua baadaye, hata kwa waliomkasirikia. Akanivutia bati la biskuti lililojaa ekseli zilizokufa, za miaka sijui mingapi, akanipa na tupa ndogo. “Kaa barazani uzitazame. Kila moja ina maradhi yaliyoiua. Ukishajua zinavyokufa, utajua ya kununua. Nami naenda kuswali.”

Nilikaa. Muuza kahawa alinisogezea kikombe, na paka wakalala miguuni kwangu kama wanaosubiri hukumu. Nikazitoa ekseli moja moja.

Mwanzoni zilikuwa vyuma vibovu tu. Baadaye zikaanza kutengana zenyewe. Kulikuwa na zile zilizoliwa pole pole pande zote, zikabaki na mfereji laini unaong'aa. Hizo zilikufa uzeeni. Kulikuwa na zilizovunjika pale pini ya krenki inapopita, watu wa mizigo mizito hao. Na kulikuwa na nyingi, zaidi ya nusu ya bati, zilizobanduka ngozi kama samaki anayeparuliwa. Kwa juu zilikuwa na ganda gumu, jembamba, na chini yake chuma laini. Ganda likishatoboka mahali pamoja, gololi zinalimega lililobaki siku hata siku. Nikajaribu kwa tupa. Kwenye zile zilizobanduka, tupa iliuma, ikaacha alama. Kwenye zile za uzeeni, tupa iliteleza, ikalia kama ukucha juu ya kigae.

Nilikuwa sijasikia raha namna ile tangu nilipoifungua saa ya ukutani ya shule, ambayo ndiyo iliyonifanya niwe na muda mwingi wa kutembea.

Katikati ya kazi hiyo alipita mtu mmoja wa bara, mrefu, shati jeupe la kazi ya reli, akiwa juu ya baiskeli ambayo haikuwa na sauti. Nasema haikuwa na sauti: nilisikia tairi likikanyaga mchanga, basi. Alisimama kumwulizia Maalim, na kwa kuwa Maalim alikuwa msikitini, akaketi kusubiri. Nikamwuliza ekseli yake ni ya wapi.

“Sijui ni ya wapi,” akasema. “Niliichagua dukani, baada ya kulipekua bati hilo ulilolishika. Miaka minne sasa.”

“Na huwa haigongi?”

“Kila Krismasi naileta hapa inafunguliwa, inaoshwa, inatiwa grisi mpya. Hata kama haina kitu. Mara ya kwanza nilimwambia mzee, lakini haijaharibika. Akaniambia, ndiyo sababu.”

Muuza kahawa akaingilia. “Huyu humletea Maalim baiskeli Krismasi, na Maalim humpelekea mahamri Idi. Mimi niliye jirani ake sipati hata la kuungua.”

“Wewe huna baiskeli,” yule mtu wa reli akamjibu.

Katika bati, karibu na chini, niliipata moja. Ilikuwa ya zamani, nzito, tupa iliikataa kabisa, na njia zake zilikuwa safi isipokuwa kidoa kimoja kidogo kama punje ya ufuta. Maalim aliporudi nikamwonyesha. Akaigeuza mwangani.

“Hii chuma,” akasema. “Waweza kuichukua bure. Kidoa hicho chaweza kukaa vivyo miaka miwili, chaweza kufunguka Malindi. Vikombe vyako vya zamani vimechimbika kidogo, lakini itakaa. Naifunga sasa hivi, kabla ya alasiri uko njiani.”

Moyo wangu uliruka. Kabla ya alasiri! Lakini punje ile ya ufuta nilikuwa nimeiona kwa macho yangu, na mwenye kuona hawezi kurudi akawa hakuona. Nikamwomba aniruhusu kwanza niende dukani nikatazame mpya. “Nenda na tupa,” akaniambia.

Duka la vipuri lilikuwa Biashara Street, baina ya maduka mawili ya leso. Nyuma ya kaunta alikaa mama mmoja wa Kihindi, miwani imening'inia kifuani, na Kiswahili chake kilikuwa cha Mombasa kuliko changu. Alipoiona tupa mkononi mwangu aliguna.

“Maalim amekupa tupa? Basi leo n'nayo kazi.”

Akanitolea ekseli iliyofungwa karatasi ya mafuta, inang'aa kama kijiko cha harusi, gololi zake zimepangwa tayari katika pete. “Hii ndiyo wanunuayo watu,” akasema. Nikaomba ruhusa kuigusa. “Mwishoni, baba, si penye njia ya gololi! Ukinikwaruzia njia umenunua.”

Niliigusa mwishoni. Tupa iliuma. Nikahesabu gololi katika pete: saba. Mzigo ule ule, mabega machache.

“Unayo nyingine, mama?”

“Ninayo, lakini mbaya.”

Alivuta droo ya chini, akapekua, akaitoa moja nyeusi, haikupigwa msasa wala kung'arishwa, na vikombe vyake viwili vyeusi vile vile vimefungwa kwa uzi, na gololi huru katika kifuko. “Hii yakaa miaka. Watu waiona yafanana na ya zamani, wanambia, mama, watuuzia iliyotumika? Jaribu.”

Tupa iliteleza. Nilijaribu tena, nikakandamiza. Ikalia kama ukucha juu ya kigae. Yule mama alikuwa ameivaa miwani, ananitazama mimi, si ekseli.

“Eh,” akasema. “Umefurahi kama aliyepata mchumba.”

Aliniruhusu nikamwonyeshe Maalim kabla ya kulipa. Nilipoiweka mbele ya Maalim hakusema nzuri wala mbaya. Aliiviringisha juu ya kipande cha kioo alichokuwa nacho kwa kazi hiyo, akaona haiyumbi. Kisha akapima vikombe.

“Hii na vikombe vyake lazima viende pamoja,” akasema. “Ukiitia katika vikombe vyako vilivyochimbika, ni meno mapya katika ufizi mbovu. Vitaila.” Akachukua spana kukitoa kikombe changu cha kulia. Alitanua miguu, akasukuma. Akasimama kwenye spana kwa uzito wake wote. Kikombe hakikutikisika.

“Nani aliyekikaza hiki?”

“Mimi. Jana, Diani.”

“Ulizungusha wapi?”

Nikamwonyesha kwa mkono. Akafumba macho kidogo.

“Upande wa kulia, mwanangu, huenda kinyume. Ulidhani wakikaza, kumbe ulikuwa wakifungua. Hapo ulipofungua, sifa ikaingia kwenye nyuzi zake, ikaganda. Sasa kimelala upogo na kimepakwa kama mashua.” Akaifuta spana. “Nikikilazimisha nitaipasua fremu. Nitakitia mafuta ya taa. Siku tatu. Huenda nne.”

Muuza kahawa alinijazia kikombe kingine bila kutania.

Nilikaa barazani nikiwa na ekseli mbili, moja katika kila kiganja. Ya mkono wa kushoto ilikuwa bure, haikuhitaji kikombe kile kitolewe, nami ningekuwa njiani kabla ya alasiri. Ya mkono wa kulia ingechukua fedha zangu zote na siku tatu au nne za kukaa. Watu watadhani kilichonitisha ni fedha. Kilichonitisha ni siku tatu. Sikuwa nimewahi kukaa mahali kwa kupenda kwangu. Nyumbani nilikaa kwa sababu nilizaliwa hapo, shuleni kwa sababu nilipelekwa. Kukaa mahali kwa sababu nimechagua, nikingojea kitu kiive chenyewe pasipo kukisukuma, sikujua kunafanywaje. Naweza kusema hata leo sijui vizuri.

“Ataichukua ya bure,” muuza kahawa alimwambia Maalim, kama vile mimi sipo. “Mtazame miguu.”

Nikaitazama. Kweli, ilikuwa ikicheza yenyewe.

Nilifikiria punje ya ufuta. Nilifikiria ikifunguka mahali ambako hakuna Maalim, na mimi nikirudi nayo nikiisukuma, siku nne, siku tano, mpaka uwanjani kwa mjomba, na wale mafundi wawili wamesimama. Wangenicheka kwa haki, kwa kuwa ningekuwa nimeiona. Aliyeshindwa na asichokijua husamehewa. Mimi ningekuwa nimeshindwa na kitu nilichokishika mkononi nikakiita kidogo.

Nikairudisha ya zamani ndani ya bati.

“Nyeusi,” nikasema.

Maalim aliitikia kwa kichwa, akamimina mafuta ya taa kwenye kikombe kilichoganda, akakiziba kwa kitambaa. Muuza kahawa alipiga kofi pajani. “Lo! Kumbe ana makalio huyu!” Hakuweza kujua maneno ya mwalimu wangu, lakini nilishtuka kama aliyesemwa mbele ya darasa.

Ile ekseli nyeusi haikukataa. Niliipanda kwenda Malindi na zaidi ya Malindi, na Voi, na Tanga. Mwaka kwa mwaka, popote nilipokuwa, nilijikuta nageuza gurudumu kuja Kuze ili ifunguliwe ioshwe ikiwa haina kitu. Watu walionijua walisema mimi sina mizizi. Nilikuwa nao mmoja, na ulikuwa mfupi kuliko shubiri. Kwa mjomba nilirudi mara nyingi, kila mara nikiwa juu ya tandiko, naye kila mara aliinama kuchungulia chini ya pedali kabla ya kunipa mkono. Mpaka anafariki hakuniruhusu niseme nimeshinda.

Lakini siku ile hayo yote yalikuwa mbele. Watoto walianza kurudi chuoni, alasiri imekaribia, na Maalim akawa anaufunga mlango.

“Utalala wapi?”

Nikasema pwani, nina shuka. Akanitazama kama alivyonitazama alipoikuta ile sifa.

“Fuata njia hii, ya pili kushoto, mlango wenye daka pana la kuingilia. Ni dada yangu, mjane, ana chumba cha chini. Mwambie ni mimi niliyekutuma.”

Nilikwenda, paka nyuma yangu, ingawa baiskeli nilikuwa nimeiacha. Ndipo nilipojua kwamba harufu haikuwa ya baiskeli peke yake. Nilipiga hodi. Alitoka mama mwenye leso mabegani, akawatazama paka watano waliokaa kwenye ngazi za daka, akaifunga pua kwa ncha ya leso.

“Ndugu ako ndiye aliyenituma, mama. Nahitaji chumba.”

“Siku ngapi?”

“Tatu. Huenda nne.”

“Kikombe kimeganda?”

“Kimeganda.”

“Kulia?”

“Kulia.”

Alicheka kwa pua. Kumbe wageni wa chumba kile walikuwa wakiletwa na kikombe kile kile miaka yote. “Mtu aingie, harufu ilale nje,” akasema, akanipa ndoo, ndimu mbili na majivu, akanionyesha pembe ya ua pa kujisugua. Nilisugua mikono, shingo, nywele, kisha nikalifua shati, na paka mmoja mmoja wakaanza kukata tamaa.

Chumba kilikuwa na kitanda cha kamba, mkeka, na dirisha lililotazama ukuta wa jirani uliokuwa karibu kiasi cha kuuegemea. Nilitandika shuka yangu. Nikaketi, nikasimama, nikaketi tena. Yule mama aliniletea chai nzito, tamu, ina tangawizi, na mahamri mawili ya asubuhi. Nilikunywa pole pole, nikiwasikiliza watoto wa Maalim wakirudia aya moja mpaka inyooke.

Nilipomaliza nilimwuliza maji ya kuoshea kikombe yako wapi.